Tundu la Mbele

Miezi minne nilishona gauni lile,
lulu za mikononi nikizitia moja moja,
miwani miwili puani kwa pamoja,
na sasa Evaristo Curapil anataka kulipakia
nyuma ya pikapu yake, Ford iliyochoka,
kilomita mia tatu na arobaini za changarawe
hadi shamba la La Porfiada, anakoolewa binti yake.

Nikamwambia: Evaristo, hapana.
Mimi nimeishi Patagonia tangu nizaliwe.
Vumbi la huku halibishi hodi.
Linaingia kwenye saa ya mkononi, linaingia kwenye yai.
Na mvua ikija, inakuja kwa ubavu,
imeupanda upepo kama farasi.

Akanionyesha kifuniko: faibaglasi, cheupe,
alichokinunua kwa mjane wa mchimba mafuta.
"Kina kufuli," akasema.
Kufuli! Kana kwamba vumbi ni mwizi wa kuku.

Tukajaribu. Nikatandika kitambaa cheupe bodini,
akaenda hadi darajani na kurudi.
Kitambaa kikarudi na rangi ya chai ya maziwa.

Usiku ule akaniomba niingie mle ndani.
Mimi, miaka sitini na sita, chali kando ya tairi la akiba.
Akafunga, akazunguka nje na tochi.
Penye mwanga ndipo penye vumbi, alisema.
Nikaziona nyota: moja bawabani,
tatu pale mlango wa nyuma unapokutana na sakafu,
kisha mstari mzima, mwembamba kama uzi wa hariri,
chini ya ukingo wa kifuniko.
"Hapa?" "Hapo." "Na hapa?" "Hapo pia."
Nikazitia alama kwa chaki yangu ya kushonea.

Akaziba. Mpira wa mlango wa friji mbovu,
mpira wa baiskeli ya Ailín ya utotoni,
silikoni, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.
Akamwagia maji kwa ndoo: hata tone.
Akaenda darajani: vumbi lile lile.

Akaigeuza ndoo, akaikalia, akanyamaza.
Ndivyo alivyonyamaza mwaka aliokufa Rosalba,
madirisha yote akayapigilia mbao,
na bado, kila asubuhi, mchanga juu ya mto wa kulalia.

Aliyetufungua macho ni Wálter, kijana wa kituo cha petroli,
mdomo umejaa biskuti:
"Don Evaristo, umeziba mno.
Gari likikimbia linaacha shimo la hewa nyuma yake,
vumbi linajaa humo, linatafuta pa kupenya, na litapapata.
Toboa mbele. Juu, karibu na paa, lisikofika.
Hewa iingie kwa hiari yako, ijae,
iwe yenyewe inayosukuma kutoka ndani."

Kutoboa kifuniko kizima!
Evaristo alishika drili
kama aliyeambiwa amchinje farasi wake.
Tundu la upana wa kiganja, pua ya bati ikitazama mbele,
wavu, sponji ya kuchuja, ukingo wa kumwaga mvua.
Akaenda darajani.
Kitambaa kikarudi cheupe.
Nikakinusa: sabuni.

Basi nikalilaza gauni sandukuni,
na sanduku juu ya mbao mbili, lisiguse sakafu,
maana bati nalo hutoka jasho usiku.

Siku ya tatu Ailín akanipigia simu.
Gauni limefika kavu, jeupe, kama lilivyotoka mezani.
Lakini baba, aliyeendesha dirisha wazi,
amefika ameivaa barabara yote, kuanzia nyusi.
Amesimama mlangoni, mikono nyuma,
hataki kugusa kitu.
Kisha akaniona nimelivaa, akasema, halafu kimya kidogo.
"Doña Ermelinda, vumbi linatokaje kwenye satini?"
Maji baridi, nikamwambia, na usisugue.

Mwaka huu gauni limerudi kwangu,
nilipunguze kiuno kwa ajili ya mdogo wake.
Mgongoni, kando ya vifungo: vidole vinane
na ncha ya kimoja gumba.
Hakufua.
Nimeshona kuzunguka.