Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa moja na dakika kumi jioni,
si saa moja kamili, maana ufunguo wa ukumbi
anao Idwal, na Idwal alikuwa na ng'ombe anayezaa.
Waliohudhuria: wanane. Waliotoa udhuru: wawili, na jua.
Mimi ndiye katibu. Sikuomba.
Nilikuwa na kalamu siku ile ya kwanza, basi.

Yatokanayo: daraja.
Miaka miwili na miezi mitatu tangu kijito chetu,
ambacho hata ramani ya Welisi hukisahau,
kilipolibeba daraja la mbao kama mtu abebavyo kikapu chake,
bila haraka, bila kugeuka nyuma.
Shule iliyokuwa hatua mia nne kwa miguu
sasa ni maili sita kwa gari,
na asiye na gari ana masikitiko ya halmashauri.

Tuliandika. Wakajibu: barua yenu imepokelewa.
Tukaandika tena. Wakajibu: njia hiyo haitumiki.
Haitumiki! Eluned alicheka mpaka akashika meza.
Njia isiyo na daraja itatumikaje,
ndege sisi?

Ndipo Bi Morfydd, miaka themanini na mmoja,
akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai:
"Wanataka hesabu. Wapeni hesabu."

Siku kumi na nne za Machi
tulikaa kwa zamu, blanketi magotini,
tukiandika kila aliyefika ukingoni, akatazama maji, akarudi.
Hao tu ndio tuliowahesabu: waliorudi.
Tarishi. Watoto wa shamba la Hendre, asubuhi zote.
Kasisi, aliyetamka neno lisiloandikika.
Fahali mmoja, ambaye mwenyewe hajajitokeza hadi leo.
Na mzee Emrys, kila siku saa tisa alasiri:
anasimama, anavua kofia, anaivaa.
Kaburi la mkewe liko ng'ambo.
Nilijiuliza nimwandike mara moja au mara kumi na nne.
Nikamwandika mara kumi na nne.

Walimtuma mhandisi, Bi Beddoes,
na viatu ambavyo havijawahi kuonana na tope.
Eluned akamvua, akamvika buti zake, kubwa kwa namba mbili.
Akapima. Akasoma daftari letu lote amesimama,
manyunyu yakilowesha safu ya Jumanne.
"Huyu E. ni nani?"
Tukamwambia.
Hakuandika kitu. Akarudi mjini na buti zetu.

Kiangazi chote walitupiga danadana:
idara ya barabara ikasema ni suala la mito,
idara ya mito ikasema ni la barabara,
nasi tukawa mpira, tukidunda,
mpaka mtu fulani, mlango fulani, akatusimamisha kwa mguu.
Simtaji jina. Buti bado hazijarudi.

Leo, barua. Nyaraka nimezisoma kwa sauti.
Chuma, zege na bima watatoa wao.
Mbao na mikono ni juu yetu.
Upana mita moja na robo, si mbili tulizoomba,
na kishikio upande mmoja tu, hadi bajeti nyingine.
Idwal akasema hayo ni matusi.
Eluned akasema nusu shari kuliko shari kamili.
Kura: sita ndiyo, mmoja hapana, mmoja usingizini.

Mengineyo:
Emrys, ambaye hajawahi kusema kikaoni,
aliinua kofia badala ya mkono.
"Hicho kishikio kiwe kushoto, mtu akienda.
Wa kulia huwa na maua."
Mtu akauliza: na kurudi, je?
"Kurudi," alisema, "wa kulia ni mtupu."

Imeamuliwa: kushoto.
Katibu amwandikie Bi Beddoes.

Kikao kilifungwa saa tatu kasorobo.
Ng'ombe wa Idwal amezaa salama. Hilo si ajenda,
lakini aliomba liandikwe.