Mlo wa Mtu Mmoja

Maboksi sita yameshuka na treni ya Alhamisi
ndani ya deli la barafu, barafu imeshakuwa maji.
Nyamizi, binti yetu, ameandika kwa kalamu ya bluu:
*Mama ale haya. Nyama ya ng'ombe na mboga. Hayanenepeshi.*
Juu ya boksi kuna picha, karoti zinang'aa
kama zimepakwa mafuta ya kujipaka.

Miaka thelathini na moja nimepima asali
kwenye ghala la ushirika, nyuma ya reli, Tabora.
Nimewakamata waliotia maji, waliotia sukari guru,
na mmoja aliyezamisha jiwe ndani ya ndoo
akaapa kwa jina la mama yake kuwa ni sega.
Kwa hiyo msinilaumu:
mtu akiniandikia uzito, mimi huleta mizani.

Boksi linasema gramu mia mbili hamsini na tano.
Mizani inasema mia mbili arobaini na nane.
Zile saba zimeshukia stesheni gani, sijui.
Nikachambua kwa uma. Nyama: vipande tisa,
kila kimoja sawa na gego la mtoto,
gramu arobaini na moja pamoja na mchuzi ulioganda.
Karoti za mraba. Njegere kumi na tisa.
Kitu cha kijani kisichotaka kutaja jina lake.

Kalunde yuko kwenye kigoda, miguu imemvimba,
ananitazama kama fundi aliyefungua redio nzima
na hakumbuki skrubu ilitoka wapi.
"Soma," anasema. "Tusikie wanajisifia nini."

Nishati, kalori mia mbili thelathini.
Protini, gramu kumi na nne. Mafuta, sita.
Nyuzinyuzi, nne. Sukari, saba.
"Sukari? Kwenye nyama?"
Sodiamu, miligramu mia sita na kumi.
"Huyo naye nani?"
Ni chumvi, nikamwambia, imevaa suti.
Akacheka mpaka akashika ubavu,
yeye aliyekatazwa chumvi pale Kitete
na daktari kijana mwenye sauti ya kuazima.

Halafu mstari wa mwisho, herufi za sisimizi:
mlo wa mtu mmoja.
Hapo hakucheka.
"Mmoja," akasema, kama anaonja. "Na wewe?"

Wao wameikamata mboga kwa baridi.
Mama yake Kalunde, kule Sikonge, aliikamata kwa jua:
majani ya kunde juu ya mwamba, nsansa nyeusi kama majani ya chai,
michembe ikigongana guniani kama vigae.
Sisemi siku zile zilikuwa bora.
Tulizika watoto wenye nywele za rangi ya kutu
na hakuna aliyetuambia neno protini.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Maboksi yakaanza kutoka jasho.
Kalunde hakuniuliza. Akayamimina yote sita,
hata lile nililolichambua,
sufuria moja, nsansa konzi mbili, karanga za kutwanga,
maji, moto. Kidole chake kikaelekea kwenye kopo la chumvi,
kikarudi.

Msabila alikuja kuomba kiberiti,
nyuma yake mkewe, nyuma ya mkewe watoto wanne.
Nikafungua daftari la asali, nikaandika kwa mwanga wa kibatari:
Sufuria moja. Uzito: mshale umefika mwisho wa mizani.
Mafuta: ya karanga, kwa kukadiria.
Chumvi: ile waliyokuja nayo wenyewe. Hatukuongeza.
Mlo wa watu:
hapo nikaacha wazi, maana hodi zilikuwa hazijaisha.

Jumatatu, Kitete. Kipimo cha presha
hakikupanda, hakikushuka.
Daktari akauliza mama amekula nini wiki hii.
Kalunde akanigeukia. "Mwambie, mpima asali."
Nikatoa daftari. Akasoma taratibu, kidole mstari kwa mstari,
akafika pale palipo wazi,
akaniuliza kama nilisahau.