Asilimia Tisa

Saa nane ya usiku, nyuzi hasi thelathini na moja,
na gari langu linaniambia ukweli kwa mafungu.
Nyumbani lilisema: kilomita mia mbili na kumi.
Nilipoipita Kuhmo: tisini.
Misonobari ilipoanza kubanana, arobaini,
kama mdeni anayepunguza ahadi kila ukimkumbusha.

Nikazima joto. Nikavaa glavu juu ya glavu.
Pumzi yangu ikaganda kiooni, upande wa ndani,
nikaikwangua kwa kadi ya benki,
ile ile iliyolipia gari.

Sikulinunua kwa upumbavu, hilo liandikwe.
Nilichoka kwenda kuzalisha ng'ombe
nikinuka dizeli kuliko zizi lenyewe.
Muuzaji, kijana wa viatu vyeupe, alisema
halitoi moshi. Kweli, halitoi.
Hakusema madini ya betri yalichimbwa wapi,
jangwa la nani lilinyonywa maji yake machache,
na mimi sikuuliza.
Kizuri hakikosi ila,
ila nyingine huachwa stoo, nyuma ya duka.

Kituo cha kuchaji, kando ya shule iliyofungwa:
waya mgumu kama mkia wa mnyama mfu,
skrini ya buluu, na maneno: Tunaomba radhi.
Nikaipiga kofi. Ikaomba radhi tena.

Asilimia tisa. Nikampigia Toivo Karppinen.
"Anasukuma," akasema, "mguu mmoja tu umetoka."
"Gari linakufa," nikasema.
Akakata simu.

Alikuja na pikapu yenye umri wa binti yangu,
mlango mmoja mwekundu, mwingine wa kijivu,
mitungi miwili mgongoni.
Inakunywa gesi ya samadi:
mavi ya ng'ombe wale wale ninaowatibu,
yanayochacha ndani ya tangi la zege nyuma ya zizi,
usiku na mchana, bila habari na baridi.
Ndani mlikuwa na joto.
Nililia kidogo, nikasingizia pua.

Tulimvuta ndama kwa kamba,
Toivo, mimi, na Annukka mwenye tochi mdomoni.
Jike. Akaanguka majanini akifuka mvuke,
akapiga chafya, mama yake akageuka.

Kisha kahawa, na Toivo, kama nilivyotarajia:
"Uza kile kisanduku. Nunua kama langu."
Nikamhesabia kwenye kitambaa cha meza:
ng'ombe sitini, pikapu moja, trekta moja, taa za zizi.
Helsinki ina magari mangapi?
Tutawafuga wapi, bungeni?
Akakuna ndevu kwa muda mrefu.
"Sijasema Helsinki," akasema. "Nimesema hapa."

Sikuwa na jibu. Bado ninalitafuta.

Tulilikokota gari langu hadi uani,
tukalichomeka kwenye ukuta wa zizi,
ambako gesi ile ile huzungusha jenereta ndogo
inayokohoa kama mzee mvuta tumbaku.
Asubuhi: asilimia sabini na nne.

Nikarudi kimyakimya juu ya theluji mpya,
bila moshi, kama muuzaji alivyoahidi,
nikiendeshwa na mavi.
Na nyuma yangu, kwenye majani makavu,
ndama wa saa tano
alikuwa ameshaanza kuchangia.