Kidole cha Shahada

Mashine ilifika Kibaigwa Jumatatu,
imeviringishwa nailoni kama zawadi ya arusi,
na barua juu yake: kuanzia leo
hatibiwi mtu kwa karatasi,
hata mwenye kadi ya kijani ya askari wa zamani,
mpaka kidole chake kisomeke
na kaya yake iwe imechangia.

Mimi ni karani wa dirisha la tatu.
Sheria sikuitunga. Nilipewa kitambaa cha kufutia kioo.

Koplo Ndahani Chilewa alifika saa moja kasoro,
koti la kaki limeliwa na jua mabegani.
"Mbukwa, mwanangu."
Mbukwa, baba. Kidole cha shahada, mkono wa kulia.
Akaulaza mkono juu ya kioo
taratibu, kama anayekula kiapo:
gumba, vidole vitatu,
na kigutu laini kama kokwa la ukwaju.

Tiii, ikalia mashine. Jaribu tena.
Nami nikamwambia: jaribu tena.
Mpaka leo sijui ulimi wangu ulikuwa wa nani.

"Hicho nilikiacha Lukaya," akasema, wala hakufoka,
"mwezi wa tatu, sabini na tisa.
Kama inakitaka sana, ipelekeni huko."
Tukajaribu cha kushoto.
Jembe lilishakilamba; hakina mstari hata mmoja.

Alhamisi watu wakajaa soko la mahindi,
wengine juu ya magunia, wengine juu ya lori la Gairo.
Hatuchangii! Hatuchangii!
Sechelela Mbeleje akavua kilemba, akakipunga:
"Mvua imenyesha siku kumi na moja. Nimezihesabu.
Nimevuna alizeti gunia moja na debe,
hilo debe limekwenda na ushuru.
Hiyo ya kaya nikaichimbe wapi?"
Na jamaa mmoja mwenye mashine ya kukoboa, ameshiba:
"Mimi siumwi. Kwa nini nimlipie anayeumwa?"
Watu wakampigia makofi yeye pia.

Bwana wa kutoka mjini, shati jeupe,
vumbi limeshamfikia kwenye kola,
akasema bima ni umoja, ndugu zangu,
mkono mmoja hauchinji ng'ombe.
Hapo macho yote yakageukia mkono wa Koplo.
Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Vijana wakambeba mzee, wakampandisha kwenye lori.
"Mwoneni! Huyu ndiye wanayemnyima!"
Wakampa kipaza sauti.
Soko lote likanyamaza, likisubiri alaani.

"Naomba maji," akasema.
Halafu: "Nina presha. Vidonge vimeisha tangu Jumapili."
Akarudisha kipaza sauti.

Wakashangilia kana kwamba ni kaulimbiu.
Bwana wa mjini akaandika kitu kwenye daftari.
Maji hakuna aliyeleta.

Ijumaa nikafungua jalada lake kwenye kompyuta.
Sababu ya kukosa alama: chagua moja.
Ajali. Kuzaliwa hivyo. Nyingine.
Nikatafuta neno vita, juu, chini. Halipo.
Nikachagua nyingine.
Eleza, ikasema, kwa herufi ishirini, nafasi zikiwemo.
Nikaandika

KIDOLE KILIPIGANIA N

ikagoma. Nchi haikuingia.
Nikabonyeza tuma hivyo hivyo.

Jibu lilikuja kabla sijafuta kioo:
ombi limepokelewa, subiri siku tisini.
Nikamsomea kupitia tundu la dirisha,
kwa sauti ndogo, foleni nyuma yake ndefu,
mtoto wa mtu analia, harufu ya dettoli.

Hakuuliza kitu.
Alirudi kwenye benchi, akaikunja kadi ya kijani
pale pale ilipozoea kukunjwa,
akatandaza mikono juu ya magoti
na kuanza kuzihesabu,
kila kidole siku kumi.

Vikatosha.