Mguu Mrefu, Mguu Mfupi

Mji huu una miguu miwili, na yote miwili ni njia:
Mguu Mrefu, mpando wa mawe kando ya ukuta,
na Mguu Mfupi, ambao ni ngazi.
Watu wa Tallinn hutania kwamba mji wao unachechemea.
Miguu yangu mimi ni sawasawa kwa urefu
na haiendi popote.

Helve ameegesha gari karibu na stesheni.
Anakikunjua kiti, analipiga gurudumu teke dogo
kama mtu anayenunua baiskeli kuukuu,
kisha anauliza: Mrefu au Mfupi?
Mzaha huo ameutunza tangu tulipopita Paide.

Tunaushika Mrefu.
Mawe yanaanza kusema na magurudumu ya mbele,
ga-ga-ga-ga, meno yananigonga,
kahawa inanimwagikia mapajani, na siisikii ilivyo moto
mpaka Helve apige kelele.
Gurudumu dogo linatumbukia kati ya mawe mawili
na kiti kinagoma.
Basi ananigeuza, ananivuta kinyumenyume,
nami naupanda mji nikiutazama unavyoniacha:
vigae vyekundu, mnara, njiwa,
kijana wa kofia ya njano anayetupiga picha,
anayeona haya, anayekuja kusukuma.
Simwambii kitu.

Ningeyalaumu mawe kwa moyo mweupe
kama nisingekuwa nayajua.

Kiangazi kile, kabla jukwaa la mbao halijavunjika,
nilipiga magoti hapahapa,
nyundo ya mpira mkononi,
tukiyang'oa na kuyarudisha, moja moja,
kuanzia langoni hadi kwenye ile taa.
Nilianza kwa kuyalaza bapa, sawa kama meza.
Akaja msimamizi, Taavet, kalamu sikioni:
"Usiyanyooshe hivyo. Wageni wanautaka uzee.
Acha mabonde kidogo."
Nikaacha mabonde kidogo.
Nililipwa kwa mita.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husemwa.
Haisemwi kwamba huingia kinyumenyume,
akivutwa na mkewe mwenye goti bovu.

"Lako ni lipi?" anauliza Helve, akihema.
Namwonyesha. Lile lenye mshipa wa waridi.
Nililigonga mara tatu, likakataa kulala,
nikasema potelea mbali, nani atajua?
Gurudumu la kushoto linajua.
Uti wa mgongo, pale juu unapobaki hai, unajua.

Huko kileleni, makumbusho ina kidato kimoja.
Kimoja tu, huniambia kila mara,
kana kwamba moja si hesabu.
Mlangoni pana alama ya buluu, safi, ya mtu kama mimi,
na kengele ya kuita msaada
imepigiliwa ndani, juu ya kidato.
Helve anaibonyeza kwa niaba yangu.
Aune wa tiketi anatoka na ubao
aliouchomoa kwenye rafu ya vitabu.
Tunaingia, ubao ukilia, yeye akiomba radhi
kwa karne zote zilizotangulia.
Namwambia karne hazina kosa.
Hili la barabarani ni la juzi, na najua aliyelifanya.

Wakati wa kushuka natoa futi mfukoni,
fundi haachi futi, napima kiti, tairi hadi tairi:
sentimita sitini na nne.
Huo ndio upana wangu wote duniani.
Tuseme tisini, kwa ajili ya viwiko
na mama wa mapacha na kigari chake.
Mstari mmoja, upande wa ukuta.
Mawe yaleyale, wala yasiletwe mageni,
yakatwe nyuso tu na yageuzwe.
Uzee wa jiwe hauko kwenye kibyongo chake.

Kesho nitaandika barua halmashauri, na bei humo.
Magoti apige kijana, mimi nitashika uzi.
Na pimamaji, ile ya manjano iliyolala darini,
nitaipakata mwenyewe,
nikilitazama povu lake
mpaka litulie katikati.