Waya

Nimeketi ukingoni mwa hodhi la kuogea,
sidiria mapajani, mkasi wa kucha mkononi.
Mwanamke wa kwenye simu alisema:
ukipita kwenye mashine ikalia mara mbili, unarudishwa.
Basi nafumua mshono, natoa waya wa kushoto.
Umetoka wote, umepinda kama ubavu wa samaki.
Wa kulia unagoma, unanichoma kidole gumba.
Nanyonya damu. Naendelea.

Namba yake naijua kuliko ya simu yangu.
Tarakimu tisa, na herufi imetangulia.
Noy ameigeuza wimbo wa kurukia kamba.
Nilimkataza. Hakuacha.
Jana, nikisugua sufuria, nimejikuta naiimba.

Khaki hairuhusiwi, ni ya walinzi.
Rangi ya machungwa ni yao waliofungiwa.
Sketi isipande goti, kofia ibaki garini,
na mambo mengine ambayo nimeyaandika nyuma ya bili ya umeme.
Kabati limenibakishia sweta moja ya kijivu,
niliyovaa alfajiri ile walipomsubiri
nje ya kiwanda cha bata mzinga,
magari mawili, taa zimezimwa.
Nitaivaa hiyohiyo.

Mamamkwe amepika wali wa kunata,
ameujaza kijikapu cha mwanzi, amekifunga kitambaa.
Mama, nimemwambia, hakiingii kitu.
Hata biskuti. Hata picha ya mtoto.
Anaitikia kwa kichwa, anaongeza samaki mkavu.
"Basi kula wewe, garini.
Mwenye njaa hamtazami mwenzake sawasawa."

Maili mia moja na themanini, na theluji imetabiriwa.
Arlene wa nyumba ya pili ameniazima gari,
nyuma ametia gunia la mchanga na sepetu.
Hakuuliza naenda wapi. Alisema tu,
breki zake zinavuta kushoto.

Sarafu mbili za kufungulia kabati la wageni: mfuko wa kulia.
Kitambulisho: wa kushoto.
Nimevihamisha. Nimevirudisha.

Yamebaki maneno, na hayo hayakunjiki.
Dakika thelathini, kioo katikati,
simu yenye waya mfupi, wanasema, lazima uinamie.
Nitaanza na jino la Noy, limeng'oka kwenye tufaha.
Wakili amekubali kupokea nusu.
Bomba la jikoni nimelitengeneza mwenyewe
(nimeweka ndoo).
Kodi ya nyumba sitaitaja.
Wala ile karatasi iliyokuja Jumanne,
inayosema atarudishwa kwao.
Kwao! Alitoka Laos ana miezi minane,
mgongoni mwa mama huyu anayefunga vijikapu.
Mto waliouvuka usiku, yeye amesimuliwa tu.
Kwao ni hapa, Minesota, kwenye bomba linalovuja.

Saa tano, mamamkwe anagonga mlango wa bafu.
Ana uzi mweupe wa pamba.
Kwetu mtu ana roho thelathini na mbili,
na akipatwa na mshtuko huzagaa,
mpaka ziitwe, zifungiwe kwenye kifundo cha mkono.
Ananifunga mimi, mafundo matatu,
lakini jina analoita si langu.
Khamsone, njoo. Uliyebaki kiwandani, njoo.
Uliyebaki kwenye gari lao, njoo.
Anaita hata walipomsimamisha kupata mafuta,
mahali hakuna aliyetuambia; amepabuni mwenyewe
asije akamwacha mmoja nyuma.
"Kesho," ananiambia, "mkono huu uuweke kwenye kioo.
Wake utakuja."

Mama, uzi huu hautalia?
Ananitazama kama nina homa.
"Pamba?"

Akishaondoka najaribu sidiria.
Imelegea, inaning'inia kama ya mtu mwingine.
Nyaya zangu mbili ziko kwenye sinki, zimekumbatiana.
Nasimama mlangoni mwa bafu, mikono kando,
napiga hatua moja, kama nitakavyopiga kesho.
Mashine haitalia.
Mimi, tuone.