Baki

Tangu kiwanda cha karatasi kinyamaze
nalinda mashine zisizoibika, ni nzito mno;
kilichoibika kiliibwa mchana, kwa lori, kwa barua.
Usiku Webuye hainuki tena yai viza.
Nina kurunzi, rungu, na marobota ya fomu
za kuhesabia magogo yasiyokuja.

Migongoni mwa fomu hizo nimeigawa namba moja.

Ukitaka kuipata, chukua harage,
lirudufu mara kumi na tisa,
kisha mwache kuku adonoe moja.
Laki tano, elfu ishirini na nne, mia mbili themanini na saba.
Niliigawa kwa tatu, ikabaki moja.
Kwa saba, moja. Kwa kumi na moja, tano.
Kwa kumi na tatu, kumi.

Kitabu cha darasa la sita huziita za aina hii namba tasa.
Nilisoma neno hilo nikakifunga.
Ndilo lililomrudisha dada yangu Nasipwondi
kutoka Kimilili, na godoro, na sanduku la bati,
mwaka wa saba wa ndoa,
wifi zake wakimsindikiza hadi barabarani
isije ikasemwa kwamba wamemfukuza.

Basi nikaishikia namba kisirani: nitaivunja.
Si lazima ufike mbali. Ukivuka mia saba ishirini na nne
unarudi ulikotoka, maana kigawanyo kikubwa
hutembea na mdogo wake,
na huyo mdogo ungekwisha kumwona njiani.
Migawo mia moja ishirini na minane.
Wa mwisho, kwa mia saba kumi na tisa,
niliumaliza majogoo ya Lugulu yakibishana.
Baki: mia moja thelathini na sita.
Haikuvunjika.

Jirani yake wa chini, pungufu kwa moja tu,
alimeguka kama andazi la jana:
mbili, tatu, tatu, tatu, saba,
kumi na tisa, sabini na tatu.
Nikaikodolea orodha hiyo hadi kurunzi ikafifia.
Ukoo wote ule,
na waliouzaa ni tasa watupu.

Sikumwambia Nasipwondi. Ningeanzia wapi?

Likizoni akaja Nafuna, binti wa kaka yetu.
Yuko chuo, Kakamega; karo yake ni njugu za Nasipwondi,
fungu shilingi kumi.
Aliona marobota, akacheka hadi akakaa sakafuni.
"Baba mdogo, namba ya kurudufu hivi haitaki yote hayo.
Kigawanyo chake, kama kipo, kiondolee moja:
lazima kinachosalia kigawike kwa thelathini na nane.
Vya kujaribu ni sita tu.
Ungemaliza kabla chai haijapoa."

Miezi minne. Sita.

Nikamwuliza, na zile mia moja ishirini na mbili nyingine,
nani angenikesha?
Mlinzi halipwi kwa jibu.

Asubuhi Nasipwondi akapita na kikapu.
"Karatasi hizi umemalizana nazo?"
Akazikunja pembe, moja baada ya nyingine, bila kuzitazama.

Leo stendi nzima inakula njugu kutoka kwenye hesabu zangu.
Mtoto mmoja amelamba chumvi yote,
akaikunjua yake, akaisoma kwa sauti,
mia moja, thelathini, na sita,
akamwuliza mamake:
hii ni bei ya nini?